Chai ya Norfolk: Mkalishe Mama Mezani Akiwa Hai

Sehemu ya 1: Kuna wenyewe

Wiki jana tulimaliza ile habari ndefu ya chanjo na homa za watoto, na wengi mkaniomba nipumzike kidogo na mambo ya sindano. Sawa. Leo naandika kuhusu hoteli. Ndiyo, hoteli, na si kibanda cha chapati na maharagwe. Nazungumzia Norfolk ya hapa Nairobi, ile ambayo watalii wa nchi za mbali wanaijua kwa jina kabla hata ya kukanyaga Kenya. Msinikimbie. Nina hoja, na naomba mnisikilize hadi mwisho kabla hamjaanza kuniuliza kama mshahara wa nesi umepanda.

Hoja yangu ni hii. Kama una mama aliye hai, ama wewe mwenyewe ni mama na hujawahi kuketi mahali ukahudumiwa tangu upate mtoto wa kwanza, panga siku moja. Weka akiba pole pole, nenda mahali pazuri kabisa mara moja, lipa taslimu, urudi nyumbani. Si lazima iwe Norfolk. Lakini mimi nilienda Norfolk, kwa hivyo nitawaambia ya Norfolk.

Nikiwa darasa la sita, shule yetu ilileta kwaya kwenye ukumbi wa Kenya National Theatre. Mama alifunga kibanda chake cha mboga kule Ngara siku hiyo, akaja kunisikiliza. Tulipomaliza kuimba tukasimama kando ya barabara tukingoja mwalimu ahesabu watoto. Ng'ambo ya barabara ilikuwa ile hoteli, na watu wameketi barazani na vikombe vyeupe mbele yao, mchana kweupe, siku ya kazi. Nikamuuliza Mama, "Huko ndani kuna nini?"

Akanijibu bila hata kugeuza kichwa: "Kuna wenyewe."

Wakenya mnajua maana ya neno hilo. Nchi ina wenyewe, shamba lina wenyewe, kazi nzuri ina wenyewe. Mama hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayekwambia kuna mvua, chukua mwavuli. Kisha akanishika mkono tukaenda kituo cha matatu. Nilibeba jibu hilo miaka mingi bila kujua nimelibeba, hadi nikawa mtu mzima mwenye kazi na mshahara, na bado nikipita mbele ya lango lile natembea haraka kidogo, kama mtu anayeogopa kuulizwa anatafuta nani.

Nawe pengine una lango lako kama hilo. Mtu wa Mombasa analo, mtu wa Kisumu analo. Tuendelee.

Sehemu ya 2: Hao wenyewe ni kina nani?

Kabla ya kwenda nilisoma. Mimi huwa sipendi kuingia mahali bila kujua historia ya mgonjwa.

Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka wa 1904. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka wa 1899 tu, kwa hivyo mji wenyewe ulikuwa bado mahema, mabati na matope. Wageni wa hoteli walikuwa walowezi na wawindaji kutoka Ulaya, na wengi wao walikuwa na vyeo vya kilodi kiasi kwamba watu waliipa hoteli jina la utani la Nyumba ya Malodi. Theodore Roosevelt, akiwa ndiyo kwanza ametoka kwenye urais wa Marekani, alikuja kuwinda Kenya mwaka wa 1909, na jina lake husimuliwa pamoja na la hoteli hii hadi leo. Baraza ya mbele kwa miaka mingi iliitwa kwa jina la Lord Delamere, yule mlowezi aliyemiliki maelfu ya ekari. Babu zetu nao walikuwamo. Walikuwa jikoni, walikuwa kwenye nguo za kufuliwa, walikuwa wamebeba masanduku ya watu.

Sasa njoo kwenye barabara yenyewe. Inaitwa Harry Thuku. Tarehe 14 Machi 1922 serikali ya kikoloni ilimkamata Thuku kwa sababu alikuwa akipinga kodi, kipande na kazi ya kulazimishwa, ikiwemo ya wanawake na wasichana kwenye mashamba ya wazungu. Watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, hapo hapo karibu na hoteli. Tarehe 16 wanaume walianza kurudi nyuma baada ya viongozi kuwaambia watulie. Hapo ndipo mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alipowakemea hadharani kwa uoga wao na kuwaongoza wanawake kusonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru akafa. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 21, na walioshuhudia walisema ni wengi zaidi ya hapo. Tena inasimuliwa katika vitabu vya historia kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk nao walipiga risasi.

Ndiyo, baraza ile ile ya vikombe vyeupe.

Nilipolisoma hilo niliweka simu chini nikafikiri kama kweli nataka kumpeleka mama yangu pale. Nikakaa na swali hilo siku kadhaa. Mwishoni nikaona kwamba kuogopa lango lile kunawapa ushindi watu ambao walishaondoka kitambo. Wanawake waliosimama nje ya kituo kile hawakufa ili mimi nipite nimeinamisha kichwa.

Kuna na hadithi nyingine ninayoipenda. Abraham Block, Myahudi aliyefika Kenya mwaka wa 1903 bila mali, inasimuliwa kwamba alipata kazi ya kuishonea hoteli hii magodoro, akiyajaza nyasi kavu. Mwaka wa 1927 yule mshona magodoro akainunua hoteli. Na usiku wa kuamkia mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1980, bomu lililipuka ndani, watu wakafa, sehemu ya jengo ikaporomoka, nayo ikajengwa tena. Kwa hivyo ukisikia "kuna wenyewe," jua wenyewe wamebadilika mara nyingi.

Mwambie mtoto wako habari hizi kabla ya kumpeleka. Mtoto akijua mahali palitoka wapi, hashtuki na vijiko vyake.

Sehemu ya 3: Mazishi ya Baba

Hii ni sehemu ambayo nimeiandika na kuifuta mara mbili.

Mimi na ndugu zangu tulianza kusema "mwaka ujao tuwapeleke wazee mahali" tangu nilipoajiriwa. Tuko watatu, dada yangu, kaka yangu na mimi. Mwaka wa kwanza nilikuwa na pesa, nikanunua viti vya sebuleni. Mwaka wa pili kaka alikuwa anajenga. Mwaka wa tatu dada alijifungua. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyekataa. Ilikuwa tu mwaka ujao, kila mwaka.

Baba akafariki mwaka wa nne.

Na hapo, wenzangu, pesa zikapatikana. Kamati ya mazishi ilikutana usiku tano mfululizo. Tukakodi hema, viti, vipaza sauti, gari la kubeba mwili na basi la waombolezaji. Tukachinja ng'ombe. Tukachapisha vitabu vya ibada vyenye picha ya Baba ya rangi, amevaa tai aliyoazimwa kwenye harusi ya mtu. Watu wakala wakashiba wakasema tumemzika vizuri. Nami nilikuwa nimesimama nyuma ya hema nikihesabu sahani, nikajiuliza ni lini tulimkalisha huyu mzee mezani, akaletewa chakula na mtu mwingine, akaulizwa anataka nini. Nikakosa siku hata moja ya kutaja.

Sisemi tuache kuzika watu wetu kwa heshima. Mazishi ni yetu, na mchango wa majirani ni kitu kizuri ambacho mataifa mengine wametuonea wivu. Ninachosema ni kwamba tulikuwa na uwezo huo siku zote. Tulichokosa ni tarehe. Kifo kilitupa tarehe, ndiyo maana tukachanga. Mtu aliye hai hana tarehe, ndiyo maana anasubiri.

Kazini naona jambo hilo hilo kwa sura nyingine. Mama anakuja kliniki na mtoto, mtoto amechanjwa kila kitu, kitabu kimejaa vizuri, ana soksi na kofia. Nampima mama presha kwa sababu tu ameketi karibu na mashine, nakuta iko juu. Namuuliza ulipimwa lini mwisho? "Ah, sista, tangu nijifungue huyu." Huyu ana miaka minne. Wamama wengi hawajikatai kwa chuki. Wanajiweka nyuma ya foleni, na kila siku anaingia mtu mwingine mbele yao. Siku ya kuketi na kunywa chai haitashusha presha, usinielewe vibaya, dawa utameza. Lakini mama aliyezoea kujiweka mwisho kwenye chai atajiweka mwisho kwenye kipimo pia. Ni tabia moja.

Sehemu ya 4: Pesa, tuziseme wazi

Hapa ndipo mnanisubiri na rungu.

Kwanza, usikope. Narudia: usikope. Hizi programu za mkopo kwenye simu zisikupeleke hotelini. Nimeona wasichana wazuri wakijipiga picha na keki ya ghorofa tatu Jumamosi, na Jumatatu wanapigiwa simu hadi kwa wakwe zao kudaiwa. Keki ya deni haina utamu. Kama pesa yenyewe bado haiko mkononi, siku yenyewe bado haijafika.

Pili, vya lazima vikae mbele. Mchango wa SHA umelipwa? Karo? Kodi ya nyumba? Dawa za mzee za mwezi huu na mwezi ujao? Hivyo vikikamilika ndipo tuzungumze.

Tatu, usilale hapo. Watu wakisikia hoteli kubwa wanafikiri chumba, na bei ya chumba inawafukuza hata kabla ya kuuliza. Chumba ni cha wenye safari. Wewe piga simu uulize chai ya alasiri au chakula cha mchana ni kiasi gani kwa mtu, watoto wanalipa vipi, lazima muweke nafasi mapema au la, na kama bei imejumlisha kodi na ada ya huduma. Hapa Kenya kuna VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, na hesabu hiyo uijue ukiwa nyumbani, sio mbele ya bili. Hakuna aibu katika kuuliza bei. Wenye pesa ndio wanaouliza sana, nimegundua.

Nne, changeni. Sisi watatu kila mmoja alitoa shilingi 300 kila wiki kwa wiki 26. Hiyo ni 7,800 kwa mtu, 23,400 kwa wote. Tuliweka kwa dada kwa sababu yeye ndiye hakopesheki. Wiki ambayo kaka hakuwa nayo alisema sina, akaleta wiki iliyofuata. Mimi niliacha soda na keki za kantini kazini, basi. Hakuna mtoto wangu aliyelala njaa kwa ajili ya Norfolk.

Baba watoto hakupendezwa mwanzoni. Aliniambia pesa hiyo ingetosha kubadilisha mabati ya jikoni kwa mama yangu, na mabati kweli yanavuja. Alikuwa na haki, na sitawadanganya kwamba nilimshinda kwa maneno. Nilimwambia mabati tutayabadilisha, na tukaweka mwezi. Kisha nikamwambia, "Baba alikufa chini ya mabati mazuri." Akanyamaza. Siku ya kwenda yeye ndiye aliyetuendesha.

Tano, na hii naisema kwa wale mnaoniandikia kwamba hata unga ni shida: habari hii si ya kuwaumiza. Kama mwezi huu ni wa unga, ni wa unga. Lakini hata chupa ya chai na mandazi chini ya mti pale Arboretum inawezekana, kwa sharti moja: mama asiipike, asiibebe, asioshe vikombe. Sharti hilo ndilo siku yenyewe. Hoteli inalitimiza kwa bei ghali. Watoto wakubwa wanaweza kulitimiza bure.

Sehemu ya 5: Siku yenyewe

Tulienda Jumamosi. Mama alivaa rinda lake la kanisa la bluu na sweta juu, ingawa jua lilikuwa kali. Langoni gari likakaguliwa kwa kioo chini, sisi tukapita kwenye mashine, kama kila mahali Nairobi siku hizi. Nilimwona Mama anafungua mkoba haraka haraka kumwonyesha askari kila kitu hadi kitambaa cha mkononi. Askari akamwambia, "Inatosha, Mama. Karibu." Mama akafunga mkoba.

Mezani hakuegemea kiti kwa muda mrefu. Alikaa ukingoni, mkoba magotini, kama anasubiri kuitwa na daktari. Mhudumu, kijana wa umri wa mtoto wa kaka yangu, alipoleta menyu, Mama aliisoma upande wa bei tu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Hii chai imetoka Kericho kweli, ama wameitoa mbinguni?" Dada akacheka hadi machozi. Hapo ndipo Mama akaweka mkoba chini.

Chai ilikuja ya birika, maziwa kando. Mama akatazama maziwa kando kwa mashaka, akaomba ipikwe pamoja, kwa tangawizi kama ipo. Mimi nikaona aibu, nikataka kumwambia hapa hainywewi hivyo. Kijana akasema, "Inapikwa, Mama, tena hata mimi ndiyo ninayoipenda." Ikapikwa. Naomba mnielewe: aibu ilikuwa yangu, si yake. Mimi mwenye diploma ndiye niliyekuwa nikiogopa wenyewe. Yeye alishaanza kuagiza.

Mwanangu wa miaka minane akamwuliza shosho kama anajua habari za Muthoni Nyanjiru, maana nilikuwa nimemsimulia. Mama akasema alisikia jina hilo kwa mama yake, kwenye wimbo, akiwa mdogo. Akamwonyesha mtoto kwa kidole upande kilipo kituo cha polisi. Mimi mtoto wake sikuwahi kumwuliza, na yeye hakuwahi kuniambia. Ilibidi tukae chini saa mbili bila sufuria jikoni ndipo lisemwe. Hilo pekee kwangu lilikuwa na thamani ya wiki zile 26.

Vipande vilivyobaki Mama alivifunga kwenye kitambaa cha karatasi avipeleke kwa jirani aliyemwachia kuku. Kaka akajaribu kumzuia. Nikamwambia mwache. Kijana akaleta kisanduku.

Tulipotoka nilimkumbusha Mama ile siku ya kwaya, na jibu alilonipa. Hakumbuki kabisa. Alisema tu, "Mlango wao ni mzito, lakini choo ni kisafi sana." Hayo ndiyo aliyoenda kuwasimulia wenzake Ngara, nasikia, wiki nzima.

Sehemu ya 6: Maneno ya nesi kabla hamjaenda

Sasa nirudi kwenye kazi yangu, maana nisipoyasema haya nitalaumiwa.

Mzee mwenye kisukari anaweza kwenda. Mama yangu anacho. Kosa watu hufanya ni kumshindisha njaa asubuhi nzima "ili ale vizuri huko" huku amemeza dawa au amejidunga insulini. Sukari inashuka, anaanza kutetemeka, kutoka jasho, kuchanganyikiwa. Ale kifungua kinywa chake cha kawaida, ameze dawa kwa wakati, na huko achague kitamu kimoja kidogo akile na kitu chenye protini kama yai au kuku. Chai bila sukari. Mama alichagua keki ya limau moja, akaila kwa dakika ishirini.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hata ya kuonja kwenye kidole. Asali inaweza kuwa na bakteria ambao tumbo changa haliwezi kuwazuia, na sumu yao inalegeza misuli hadi ya kupumua. Walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga au korosho nzima, na zabibu zikatwe kwa urefu kabla hawajazigusa, maana hukaba koo. Chai ya majani usiwape watoto wadogo, inazuia chuma cha chakula kisiingie mwilini vizuri. Waagizie maziwa au maji. Mama mjamzito naye chai aitenge na tembe zake za chuma kwa saa moja au mbili.

Wewe unayenyonyesha, nenda na mtoto na umnyonyeshe palepale ulipoketi. Mwezi Mei 2018 wanawake waliandamana katikati ya Nairobi baada ya mama mmoja kusema alifukuzwa mkahawani kwa kunyonyesha, na sote tulijifunza kitu. Sheria yetu ya Afya ya 2017 inamtaka hata mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea kazini. Kama wewe mwenyewe unapenda leso, jifunike. Kama hupendi, usijifunike. Mtoto mwenye njaa hajui nyota za hoteli.

Na jambo la mwisho, zito kidogo. Kuna uchovu wa kazi na kuna ugonjwa. Baada ya kujifungua, machozi ya hapa na pale ya siku za kwanza ni ya kawaida na huisha ndani ya wiki mbili. Huzuni ikizidi wiki mbili, ukawa hulali hata mtoto akilala, huna hamu na kitu, au ukapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hapo si suala la chai wala hoteli. Mwambie mtu leo, njoo kliniki leo. Mume unayesoma hapa kwa simu ya mkeo, nawe umesikia.

Najua kuna atakayesema nesi ametufundisha anasa. Mimi naona anasa ni kile unachofanya ili uonekane, na kwa deni. Tulichofanya sisi kilichukua miezi sita na mchana mmoja, na hatuna mpango wa kukirudia mwaka huu. Mwaka huu ni wa mabati, tumeshaweka mwezi.

Ombi langu kwako ni moja. Usiniambie "mwaka ujao." Chukua kalenda ile ya ukutani, ya duka au ya kanisa, uandike tarehe yenyewe kwa kalamu. Kisha mpigie simu mama yako, ama dada yako, ama mumeo, umtajie hiyo tarehe leo kabla watoto hawajaamka. Pesa zina namna ya kuifuata tarehe. Tuliona hivyo kwa Baba, na sitaki uone hivyo kwa njia tuliyoona sisi.

Wiki ijayo tunarudi kwenye minyoo. Mlale salama.

Nesi wenu.